Chuma Kilichokataa Maji

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo tu: tii, kama kijiko kilichogonga ukingo wa glasi ya chai. Mpaka leo nikikoroga sukari mkono wangu husita kidogo, maana hivyo ndivyo kilivyolia kisu changu nilipokitumbukiza kwenye ndoo ya maji kikiwa chekundu. Maji yalichemka, yakatulia. Nikakitoa, nikakifuta, nikakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Ufa ulianzia kwenye makali ukapanda hadi mgongoni, mwembamba kama unywele. Nilipokipinda kidogo kuona kama ni kweli, kikabaki nusu mkono huu na nusu mkono ule.

Mjomba akavitazama vile vipande, akanitazama na mimi. "Haya," akasema, "umepata visu viwili kwa mpigo. Hata mimi sijawahi."

Mjomba ni kaka yake mama, na ndiye aliyenifundisha kazi. Ni mhunzi. Banda lake liko Buhongwa, Mwanza, nyuma kidogo ya barabara ya Shinyanga, ubavu mmoja wazi kuelekea kijiwe cha bodaboda. Nilikwenda pale baada ya kumaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumza wakati wa kula. Nilitumwa kumpelekea chakula, nikakaa kidogo kutazama moto, nikarudi kesho yake bila kutumwa. Moto tunauvuvia kwa gurudumu la baiskeli linalozungusha feni, na wa kulizungusha ni yeyote aliyekuja kukaa bure. Mimi nilikuwa nimekuja kukaa bure. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Vijana wa kijiweni walifurahi sana. Mmoja wao, mwenye helmeti ya rangi ya waridi aliyosema ni ya dada yake, alikuwa hapiti bila kuuliza: "Dada fundi, nikutafutie mchumba au nikutafutie nyundo?" Nilimjibu anitafutie mkaa mkavu, hayo mengine nitajitafutia mwenyewe.

Chuma cha mjomba cha siku zote ni springi za magari. Springi ni mtu mzima, anasema, ukimwita anaitika. Unaipasha moto mpaka iwe rangi ya chungwa lililoiva, unaifua, unaitumbukiza majini, basi, una panga la mtu kufyekea shamba mpaka azeeke. Nami nilikuwa nimeizoea. Usiku nilikuwa nalala nikiwaza visu vyangu vikining'inia kwenye majiko ya hoteli za pale Nyamagana, na wapishi wakigombania kipi ni cha nani. Ndoto hazina kodi, nikaota nyingi.

Lakini kile kisu kilichovunjika hakikuwa cha hoteli. Kilikuwa cha mama.

Mama anapara na kupasua samaki mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha. Watu wananunua sangara au sato wao, wanakuja nao kwenye meza ndefu ya saruji ambako akina mama wamejipanga, na kila mteja anachagua wa kumkabidhi samaki wake. Anamchagua yule ambaye mkono wake hausimami. Mama ana mkono mzuri kuliko wote, na sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu, waulizeni wenzake. Ila kila alipomaliza sangara mkubwa mmoja ilimbidi asimame anoe. Sangara ana magamba ya kuezekea nyumba, na mfupa wake wa mgongo hauna huruma. Visu vya dukani vilikuwa laini. Visu vya springi vya mjomba vilikuwa na nguvu lakini makali hayakukaa. Mama akiinama kunoa, mteja anasogea kwa jirani. Na kule kunoa kila mara kulikuwa kumemharibu kifundo cha mkono. Jioni alikuwa anakifunga kitambaa chenye maji ya moto, nikimuuliza anasema ni baridi tu.

Siku moja tukichambua mchele akasema, bila kuinua uso, kwamba mvua za kwanza zikianza ataiacha meza, tutarudi Magu kwa mdogo wake tukalime mpunga. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Magu ni kwetu, naipenda, na jembe silikimbii. Lakini mama anacheka mezani pale. Nyumbani anachoka, akifika mezani anataniana na wenzake mpaka mteja anasahau chenji yake. Nilimtazama akitupa punje mbovu kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa unamuuma, nikasema nitamtengenezea kisu kisichochoka kabla mvua hazijaanza.

"Kisu kisichochoka," akarudia. "Na mimi utanitengeneza lini?"

Tulicheka, lakini hakusema kwamba hatutakwenda Magu.

Kwenye lundo la vyuma chakavu la mjomba kulikuwa na kipande ambacho hakuna aliyetaka tena kukigusa. Kilikuwa kisu cha mashine ya kukatia mabati, kizito, kipana kama kiganja. Mjomba aliwahi kukijaribu akakirudisha kwenye lundo, akakiita chuma kikorofi. Mimi niliwaza hivi: kama kilikuwa kinakata bati kutwa, mgongo wa sangara ni nini? Nilipomwambia, mjomba akasema mawazo yangu ni mazuri ila chuma hakina habari na mawazo ya mtu. Hata hivyo akawasha grinda.

Hapo hapo ukorofi ukaanza. Springi ukiikata inarusha cheche ndefu nyeupe zinazopasuka kama maua. Hiki kilitoa cheche fupi, za wekundu uliofifia, kama kinazitoa kwa kulazimishwa. Tukamaliza jiwe zima la grinda kupata vipande vya visu viwili tu. Motoni ikawa hadithi nyingine. Ukikipasha kidogo, nyundo inadunda na kurudi, na mkono unauma hadi begani, chenyewe kimelala pale juu ya fuawe kama hujakigusa. Ukikipasha sana, kinameguka kama sukari guru. Kona moja ya kipande cha kwanza iliondoka hivyo, ikaruka ikatoboa aproni yangu. Kilitaka joto la katikati, kama uji wa mgonjwa, na kikipoa kidogo tu unakirudisha motoni. Nikajifunza kupiga kidogo kidogo, kwa upole, wakati mikono yangu yote ilikuwa imezoea springi inayotaka kupigwa kwa hasira.

Nikafika mwisho, kikawa na umbo la kisu. Nikakitumbukiza majini kama tunavyovitumbukiza vyote, kikalia kile kilio nilichokwisha kueleza.

Nilikaa juu ya gogo nikatoa machozi kidogo. Mjomba hakuniambia ninyamaze. Alivuta gurudumu la baiskeli, akaanza kuvuvia moto yeye mwenyewe, akasema, "Mayu, bado kimoja." Mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini anayependwa huitwa hivyo hata akiwa hajafikisha umri wa kuwa mama wa mtu. Nikafuta uso kwa mkono wenye masizi, na nilipotoka nje yule wa helmeti ya waridi akauliza kama nimejipaka wanja au wanja umenipaka mimi.

Kipande cha pili nilikifua kwa siku kadhaa, nikikiogopa. Nilipopata umbo, mjomba akasema tusikitie maji kwanza, tukipige tupa kiwe chembamba, habari ya maji tutaijua baadaye. Nikakilaza juu ya jiwe pale mlangoni kipoe, tukaenda kula ugali na dagaa. Mchana upepo wa ziwani unafika mpaka kwetu, na pale mlangoni ndipo unapoingilia.

Tuliporudi nikakibana kwenye jiliwa, nikaweka tupa. Tupa ikateleza. Nikasukuma tena, ikateleza kama napiga tupa chupa ya soda, na meno ya tupa ndiyo yaliyoanza kung'aa.

"Umekitia maji?" mjomba akauliza.

"Sijakitia."

"Mayu."

"Mjomba, tulikuwa wote tunakula. Sijakigusa."

Akatoka mlangoni akalitazama lile jiwe. Lilikuwa kavu. Akawauliza vijana wa kijiweni nani kamwagia maji chuma chake, na jinsi alivyouliza kila mmoja aliapa kwa jina la mama yake. Yule wa helmeti akasema labda mbuzi kakojoa. Tukamtazama mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa mbali kabisa, kamba yake fupi, anatafuna zake.

Mjomba akarudi akakaa kwenye gogo. Akatazama mlangoni unapoingilia upepo, akakitazama kisu kwenye jiliwa. Halafu akasema taratibu kwamba chuma hiki kinakazwa na upepo. Hakihitaji maji. Kinatoka motoni, kinapigwa na hewa tu, kinakuwa kigumu chenyewe. Maji yalikipoza kwa ghafla mno, ndiyo maana kile cha kwanza kilipasuka.

Ilikuwa habari njema, na wakati huo huo mbaya. Njema kwa sababu sasa tulijua tulichokosea. Mbaya kwa sababu kisu kilikuwa kigumu kikiwa bado kinene kama fimbo, na hakuna tupa ya kukipunguza. Ilibidi kilainishwe kwanza. Wahunzi hulainisha springi kwa kuipasha moto na kuifukia kwenye majivu ipoe polepole. Tukafanya hivyo kwa majivu yetu ya mkaa. Asubuhi tupa ikateleza vilevile. Tukarudia kwa majivu mengi zaidi. Ikateleza. Majivu yetu yalikuwa yanapoa upesi kuliko chuma hiki kilivyotaka. Mjomba akasema tumejaribu, nikamwona anatazama lile lundo la chakavu, nikajua anataka kukirudisha kule.

Wiki ile mawingu yalianza kujikusanya juu ya ziwa. Mama akanituma Magu nikamwambie mama mdogo asigawe lile shamba la bondeni, tunakuja. Alinipa na sato wawili wa kukaanga wa kumpelekea. Njia nzima niliwashika sato wale mapajani nikijifunza jinsi ya kuyasema maneno ya mama bila sauti yangu kukatika.

Mama mdogo nilimkuta anatoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye kope. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akawapokea sato, nami nikafikisha ujumbe wote kama nilivyopewa. Akasema shamba lipo, akasema amefurahi, lakini akaniuliza mbona uso wangu haukufurahi. Nikamwambia yote: mkono wa mama, meza, chuma kikorofi, majivu yanayopoa mapema. Alisikiliza huku akinivuta tukaelekea nyuma ya mashine, kwenye kilima cha pumba ambacho kilikuwa kinatoa moshi mwembamba juu. Akachukua kijiti akachimbua, akatoa viazi vitamu. Vilikuwa vya moto kiasi kwamba nilirusha kimoja kutoka mkono hadi mkono.

"Umewasha saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nani kawasha? Huu moto tangu juzi. Viazi nilivitia jana."

Kiazi kikabaki mdomoni. Nikatia mkono juu ya zile pumba, nje zilikuwa za vuguvugu tu, lakini nilipochokoa kwa kijiti ndani kulikuwa kwekundu, kumetulia, hakuna ndimi za moto, kama mtu anayepumua usingizini. Nikamuuliza kama naweza kupata gunia. Mama mdogo akacheka mpaka akashika kiuno, akasema watu wanatoka mjini kuja kuomba mchele, huyu wa kwetu anaomba pumba. Akanijazia magunia mawili, akasema akisikia nimefungua biashara ya kuuza pumba Mwanza atahamia yeye, si sisi kwenda kwake.

Nilimweleza mjomba habari ya viazi, akaenda kutafuta pipa. Tulikata pipa, tukaweka makaa chini, pumba juu, tukaacha mpaka moto ukashika ndani kwa ndani. Kisu tukakipasha hadi rangi ya chungwa, tukakifukia katikati, tukaongeza pumba mpaka juu. Kesho yake mchana nikatia mkono nikautoa haraka. Tukakiacha tena mpaka siku ya pili, ndipo nikakichimbua kama mama mdogo alivyochimbua kiazi.

Nikakibana. Nikaweka tupa, nikasukuma.

Ikang'ata. Unga wa chuma ukamwagika kwenye vidole vyangu, wa kijivu kama pilipili manga iliyosagwa. Mjomba akaninyang'anya tupa asukume na yeye, mara moja, mara mbili, kisha akanirudishia akageukia ukutani kana kwamba anatafuta kitu pale. Hakukuwa na kitu ukutani.

Siku zilizofuata nilipiga tupa. Nikapunguza mgongo, nikapunguza ubavu, nikatoboa matundu ya mpini, nikakifanya chembamba na kirefu kidogo, na ncha iliyopinda juu ili ipite chini ya ngozi ya sangara bila kula nyama. Manyunyu yalikuwa yameshadondoka mara moja, nyumbani mama alikuwa ameanza kukunja nguo tusizovaa.

Ikabaki kukikaza, na sasa kwa upepo. Kazi ilikuwa nyepesi, unakipasha moto mkali kuliko wa springi, unakiacha kidogo kijae joto, halafu unakining'iniza kwa waya pale mlangoni na kukitazama tu. Ugumu ulikuwa kwa mjomba. Maisha yake yote chuma kikitoka motoni mkono wake unakwenda kwenye ndoo. Nilipokitoa nikakitundika, nikamwona anainuka.

"Mjomba, usiguse ndoo."

"Siigusi."

"Unaitazama."

"Kutazama si kugusa, mayu." Lakini akafunika ndoo kwa ubao, akaikalia, akaificha mikono makwapani kama mtoto aliyekatazwa mandazi. Tukakaa hivyo, mimi nimesimama, yeye juu ya ndoo, kisu kinayumba kwenye waya. Kutoka kwenye rangi ya manjano kikapita kwenye ya chungwa, kikaenda kwenye wekundu wa damu, kikaenda kwenye weusi. Yule wa helmeti ya waridi alikuja akasimama pembeni, akaivua helmeti. Hakikulia. Nilitega sikio mpaka shingo ikauma, hakikulia.

Tukakitia kwenye kikaango cha mchanga wa moto kupunguza ule wepesi wake wa kuvunjika, mpaka sehemu niliyoing'arisha ikawa rangi ya majani makavu ya mpunga. Nikaweka mpini wa mti wa mpera, nikanoa. Kule kunoa peke yake kulinichukua asubuhi nzima, maana chuma kikorofi hata kwenye kinoo ni kikorofi. Nikawaza, vizuri, kama ni vigumu kukitia makali itakuwa vigumu kuyatoa.

Mama alikipokea pale mezani, mwaloni, wenzake wote wakitazama. Alikipima uzito, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwa ubavu. Jirani yake, mama mnene anayemtania kila siku, akauliza kama kisu kile ni cha samaki au ni cha kumtishia baba mwenye nyumba. Mama akasema ni cha majirani wanaochukua wateja wa watu. Kisha akamvuta sangara wa kwanza, mkubwa kama mtoto wa shule.

Nilisimama nyuma yake. Sikuwa natazama samaki, nilikuwa natazama kinoo chake kilichokuwa pembeni ya mkono wake wa kulia. Sangara wa kwanza akaisha, mkono wake ukaelekea kwenye kinoo kwa mazoea, ukagusa, ukasita. Akajaribu kisu kwenye ukucha. Akamvuta samaki wa pili. Halafu sato kadhaa wa mama lishe mmoja. Halafu sangara mwingine, na nyuma yake watu wakawa wamesimama, na mama akaanza kuongea, na akianza kuongea ujue mkono haumuumi. Alimwambia mteja mmoja kwamba samaki wake kanenepa kuliko mwenye samaki. Kinoo kikakauka juani. Nzi alikuwa anatembea juu yake bila kusumbuliwa.

Jua lilipopanda sana meza yake ilikuwa tupu, na wenzake walikuwa bado na samaki. Akanawa mikono, akakigeuza kisu tena, akakiweka chini polepole. Hakunisifu. Alisema tu, akiwa amenipa mgongo anafunga khanga upya, "Ukimpigia mama mdogo wako, mwambie lile shamba ampe mtu alime. Mimi nina kazi."

Nikasema ndiyo mama. Sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa kama ile. Alivuka upande wa pili, kwa muuza uji, akakaa kwenye benchi, miguu ameinyoosha mbele, kikombe mikononi, akaanza kumcheka yule jirani yake mnene aliyekuwa bado anapara. Alikuwa amesahau kuosha ubao wake wa kupasulia samaki pale mezani.

Nikachota maji ziwani kwa kopo. Nikaumwagia ubao, nikausugua kwa mchanga, nikatoa magamba yaliyoganda kwenye nyufa moja moja kwa ukucha. Nikaugeuza, nikausugua upande wa pili. Kisha nikausimamisha kwenye ukingo wa meza, uso wake kwenye jua, nikabaki nimeushikilia mpaka maji yote yakachuruzika.